Kura na Daftari la Hesabu: Mpigakura na Fedha za Umma Katika Historia ya Kaliua

Mwezi Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora katika mkutano mkuu wa mwaka ambao baadaye ulikuja kuitwa Uamuzi wa Busara. Suala lililowagawa lilikuwa kura. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ambao ungemlazimisha kila mpigakura kuchagua watu watatu kwa mara moja: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Zaidi ya hayo, haki yenyewe ya kupiga kura ilizungushiwa masharti ya kipato, elimu au cheo. Wajumbe wengi walitaka chama kisusie. Julius Nyerere alisimama upande wa kushiriki, hoja yake ikashinda, na Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha African National Congress. Vitabu vya historia vimeukumbuka mkutano huo kwa sababu ya kura tatu. Lile sharti la pili, la kipato na elimu, limesahaulika upesi zaidi, ingawa ndilo linalobeba swali gumu: ni nani anayehesabiwa kuwa na ufahamu wa kutosha kuamua mambo ya serikali, na ufahamu huo hupatikana wapi?

Insha hii inalifuatilia swali hilo katika eneo la Kaliua, magharibi ya mji wa Tabora. Kaliua ni kituo cha Reli ya Kati ambapo tawi la kwenda Mpanda linaachana na njia kuu ya Kigoma, na tangu 2012 ni wilaya inayojitegemea. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Urambo. Kwa hiyo historia ya Urambo na ya Kaliua haziwezi kutenganishwa kwa miaka mingi inayojadiliwa hapa. Hoja ya insha ni kwamba kilichopungua katika eneo hili hakikuwa uelewa wa wananchi. Kura na hesabu za fedha za umma ziliwafikia watu kwa nyakati tofauti na kwa njia tofauti, na mara chache sana viwili hivyo vilikuwa mikononi mwa mtu yuleyule kwa wakati mmoja.

Hongo na njia ya misafara

Fedha za umma hazikuanza na wakoloni. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, kisha ikaendelea magharibi hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Kila mtemi ambaye ardhi yake ilipitiwa alidai hongo, yaani ushuru wa njia uliolipwa kwa nguo, shanga au waya wa shaba. Neno hilo leo lina maana ya rushwa tu, na mabadiliko hayo yanastahili kuzingatiwa: lililokuwa jina la mapato halali ya dola limegeuka kuwa jina la wizi wa mapato hayo. Katika matumizi ya zamani hakukuwa na siri. Msafara ulisimama, mazungumzo yalichukua siku nzima au zaidi, na kiasi kilichotolewa kilionekana na wapagazi na wenyeji pia.

Mirambo, mtemi aliyeijenga dola ya Urambo, aliielewa vizuri nguvu ya ushuru huo. Vita yake na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, iliyoanza 1871, ilihusu kwa kiasi kikubwa haki ya kutawala njia na kutoza wanaopita. Katika mwaka huo jeshi la Tabora, ambalo msafara wa Henry Morton Stanley uliungana nalo, liliishambulia Ulyankulu, likaiteka, kisha likavamiwa njiani wakati wa kurudi na kupata hasara kubwa. Jina la Ulyankulu litarudi baadaye katika insha hii kwa sababu nyingine kabisa. Kwa sasa inatosha kusema kwamba mapato ya njia yaliwalisha rugaruga, yalinunua bunduki na baruti, na yaliimarisha utawala wa mtu mmoja. Kuiita hali hiyo demokrasia itakuwa ni kupamba. Hata hivyo, mtu wa kawaida wa Urambo aliweza kuona kwa macho yake kilichoingia na kilichotoka, jambo ambalo mjukuu wake hakuweza.

Utawala wa Wajerumani ulileta kodi ya nyumba mwishoni mwa karne hiyo, na Waingereza waliiendeleza. Chini ya mfumo wa utawala usio wa moja kwa moja ulioanzishwa na Gavana Donald Cameron katika miaka ya 1920, watemi waliacha kutegemea ushuru wa kimila wakaanza kulipwa mshahara kutoka hazina za serikali za wenyeji. Hazina hizo zilikuwa na makisio ya mapato na matumizi yaliyoandikwa kwa utaratibu. Aliyeyakagua na kuyakubali alikuwa Mkuu wa Wilaya. Mlipa kodi alipewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo ilikuwa kinga dhidi ya kukamatwa; haikuwa tiketi ya kuuliza fedha zimekwenda wapi.

Karanga za Urambo

Hakuna tukio linaloonyesha tofauti kati ya hesabu na kura kwa uwazi zaidi kuliko Mpango wa Karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, iliamua kufyeka misitu ya Tanganyika na kulima karanga kwa trekta. Maeneo matatu yalichaguliwa: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Makadirio ya awali yalikuwa takriban pauni milioni 25. Mwaka 1948 kazi ilikabidhiwa shirika la umma la Uingereza lililoitwa Overseas Food Corporation. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulifutwa, na hasara iliyotangazwa ilikuwa karibu pauni milioni 36, kiasi kilichozidi mara kadhaa mapato ya mwaka mzima ya serikali ya Tanganyika.

Kushindwa kwa kilimo chenyewe kumeandikwa sana: udongo wa Kongwa uliokauka ukawa mgumu kama saruji, mvua zisizotabirika, mashine za kijeshi zilizochakaa kabla hazijaanza kazi, na haraka ya wanasiasa. Urambo, yenye mvua nyingi zaidi na reli karibu, ilikuwa na matumaini kidogo kuliko Kongwa, lakini nayo haikuokoa mpango. Jambo linalohusu insha hii ni jingine. Hesabu za mpango huo zilikaguliwa. Wakaguzi walisema waziwazi kwamba vitabu havikutunzwa ipasavyo. Bunge la Uingereza lilijadili suala hilo kwa saa nyingi, magazeti ya London yaliliandika, na katika uchaguzi wa Uingereza wa 1950 wapinzani wa serikali waliwakumbusha wapigakura juu ya karanga. Mpigakura wa Uingereza ambaye hakuwahi kuiona Urambo, na pengine hakuweza kuionyesha kwenye ramani, alikuwa na ripoti, mjadala na karatasi ya kura.

Mkazi wa Urambo alikuwa na kitu gani? Aliyaona matingatinga yakipita, aliona miombo iking'olewa, na huenda alifanya kazi ya kibarua hapo. Alijua kabla ya wabunge wa London kwamba ekari zilizofyekwa hazikuwa zikizaa kama ilivyoahidiwa. Ufahamu wake haukuwa na mahali pa kwenda. Katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika Waafrika wa kwanza wawili, Mtemi Kidaha Makwaia na Mangi Abdiel Shangali, waliingia 1945, nao waliteuliwa na Gavana. Fedha zilizopotea, ni kweli, zilitoka kwa walipa kodi wa Uingereza, na mtu anaweza kudai kwamba ilikuwa haki wao ndio waulize. Dai hilo lina uzito, lakini linasahau kwamba ardhi, misitu na nguvukazi vilitoka upande mwingine, na gharama hizo hazikuwekwa kwenye daftari lolote.

Katika miaka hiyohiyo lilijengwa tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya machimbo ya risasi. Kaliua ikawa njia panda kwa uamuzi ambao haikuulizwa. Baada ya karanga, mashamba ya Urambo yaligeuzwa kuwa ya tumbaku chini ya Shirika la Kilimo la Tanganyika, na tumbaku ndiyo iliyoamua uchumi wa eneo hilo hadi leo. Kila mjadala wa fedha za umma Kaliua, kuanzia wakati huo, ni mjadala wa tumbaku kwa namna moja au nyingine.

Kutoka masharti ya kura hadi jembe na nyumba

Uchaguzi ambao mkutano wa Tabora uliamua kuuingia ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni nane, walioandikishwa hawakufika elfu sitini. Masharti yale yalikuwa na mantiki yake: aliyesoma au mwenye kipato au mwenye cheo alidhaniwa kuwa anaelewa mambo ya serikali. Tabora ilikuwa mahali pazuri pa kuipima mantiki hiyo, kwa kuwa hapo ndipo ilipokuwa shule ya serikali aliyosoma Nyerere mwenyewe, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920 kwa kuwalenga hasa watoto wa watemi. Kijana aliyetoka darasani hapo angeweza kufuzu bila ya kuwahi kulipa kodi. Mkulima aliyelipa kodi kwa miaka thelathini, na aliyeushuhudia mpango wa karanga tangu trekta la kwanza hadi la mwisho, angeachwa nje kwa kukosa cheti.

TANU ilishinda kwa sababu iliandaa ufahamu wa aina nyingine. Matawi yake yalieneza habari kwa mdomo, katika masoko, kwenye vituo vya reli na katika mikutano ya hadhara, na wale wachache walioandikishwa walipiga kura wakijua kwamba wanawapigia na wengine. Masharti yalilegezwa kwa uchaguzi wa 1960, ambapo kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kulitosha. Hata hivyo, kati ya viti 71, 58 vilipata mbunge bila kupingwa. Wengi wa walioandikishwa hawakupata nafasi ya kuitumia kura yao. Mwaka 1962, katika uchaguzi wa Rais, Nyerere alipata zaidi ya kura milioni moja dhidi ya takriban elfu ishirini na moja za Mtemvu.

Uchaguzi wa chama kimoja wa 1965 ulileta utaratibu ambao wazee wa Urambo na Kaliua bado wanaukumbuka kwa alama zake: jembe na nyumba. Katika kila jimbo wagombea wawili wa TANU walishindana, wakipanda jukwaa moja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, wakikatazwa kutumia kabila, dini au rangi. Ilikuwa elimu halisi ya uraia. Mwananchi aliwasikia wote wawili siku moja, mahali pamoja, na aliweza kuwauliza maswali mbele ya majirani zake. Wabunge wengi walianguka, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Inavutia kusoma anguko hilo kama hukumu ya bajeti, lakini usomaji huo haushikiki. Sera za chama hazikuwa jambo la kushindaniwa. Wagombea walitofautiana kwa tabia, uwezo na ukaribu wao na watu. Mfumo ule ulimfundisha mpigakura kumpima mtu kwa makini sana, na haukumfundisha kupima makisio ya matumizi.

Kisha hata daftari la karibu liliondolewa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa chini ya sera ya madaraka mikoani, na mipango ikawa kazi ya maofisa waliotumwa. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa pia, na ununuzi wa mazao ukaingia mikononi mwa mamlaka za serikali. Kwa mkulima wa tumbaku pigo la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Chama cha msingi, pamoja na wizi uliokuwamo ndani yake, kilikuwa mahali ambapo mtu asiyesoma sana aliweza kusimama katika mkutano na kudai aelezwe kwa nini makato ya mbolea hayalingani na mifuko aliyopokea. Shule hiyo ya hesabu ilifungwa, na waliokuwa wanafunzi wake hawakushauriwa.

Kijiji na hesabu zake

Marekebisho yalikuja 1982. Sheria Na. 7 ya mwaka huo ilirudisha mamlaka za wilaya, Sheria Na. 9 ikapanga fedha zake, na vyama vya ushirika vikaruhusiwa tena. Halmashauri zilianza kazi 1984. Sheria Na. 7 iliufanya mkutano mkuu wa kijiji, unaojumuisha kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, kuwa chombo cha juu kabisa cha kijiji. Mkutano huo hupaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na moja ya kazi zake ni kusomewa mapato na matumizi. Kwa maneno ya sheria, basi, kila mtu mzima wa Kaliua amekuwa na haki ya kuwa mkaguzi wa hesabu wa kijiji chake kwa zaidi ya miaka arobaini.

Utekelezaji umekuwa dhaifu, na sababu zake si za kimaadili pekee. Fedha nyingi zinazogusa maisha ya kijiji hazipitii kwenye daftari la kijiji. Ruzuku ya serikali kuu huingia halmashauri ya wilaya, na hutoka ikiwa imeshapangiwa kazi. Mtendaji wa kijiji anayesoma kwa unyofu shilingi zote alizoshika anaweza kumaliza kwa dakika chache, na bado asiwe amegusa gharama ya darasa linalojengwa nyuma ya ofisi yake. Mipango huanzia katika kitongoji na kijiji, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, hufika Baraza la Madiwani, kisha huenda mkoani na wizarani. Ikirudi huwa imepunguzwa, na maelezo ya kilichokatwa na kwa sababu gani hayasafiri kwa kasi ileile. Aidha, kiasi kilichoidhinishwa katika bajeti na kiasi kilichotolewa kweli ni vitu viwili. Mpigakura anayeisikia hotuba ya bajeti ya mwezi Juni bila kuijua tofauti hiyo atamlaumu diwani kwa fedha ambazo hazikuwahi kufika.

Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, iliyokuwa ikitozwa kila mtu mzima, ilifutwa. Ilikuwa kodi iliyochukiwa. Ukusanyaji wake ulihusisha mgambo, vizuizi barabarani na watu kukimbilia porini. Hakuna anayeililia. Lakini kufutwa kwake kulikuwa na upande wa pili ambao haukujadiliwa vya kutosha. Mkulima aliyelipa kwa mkono wake alikuwa na sababu ya wazi ya kuuliza. Baada ya hapo mapato ya ndani ya halmashauri kama ya Urambo, na baadaye Kaliua, yalitegemea zaidi ushuru wa mazao, ambao kisheria hulipwa na mnunuzi. Kampuni inayonunua tumbaku ya mvuke hupeleka ushuru halmashauri. Mkulima huuona, kama anauona, ndani ya bei anayopewa. Mzigo ulibaki begani mwake lakini stakabadhi ilihamia kwa mwingine.

Mfano mdogo wa jinsi lugha ya hesabu inavyoweza kumpoteza mpigakura ni neno hati safi. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapotoka, halmashauri hutangaza kwa fahari kwamba imepata hati safi, na madiwani huirudia sifa hiyo majukwaani. Hati hiyo inasema kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa usahihi unaokubalika. Haisemi kwamba fedha zimetumika vizuri, wala kwamba zahanati iliyolipiwa ina dawa. Halmashauri inaweza kuwa na hati safi na wakati huohuo ripoti ileile ikawa na kurasa za hoja ambazo hazijajibiwa. Kurasa hizo ndizo zenye manufaa kwa mpigakura, na ndizo zisizosomwa jukwaani.

Spika kutoka Urambo

Kwa kipindi kifupi eneo hili lilikuwa karibu sana na kitovu cha udhibiti wa fedha za nchi. Samuel Sitta, mbunge wa Urambo Mashariki, alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge mwishoni mwa 2005 na kuahidi Bunge la kasi na viwango. Chini yake Kanuni za Bunge za 2007 ziliweka uenyekiti wa kamati za hesabu mikononi mwa wapinzani: John Cheyo katika Hesabu za Serikali, Willibrod Slaa katika Serikali za Mitaa, Zitto Kabwe katika Mashirika ya Umma. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ilipitishwa 2008. Mwanzoni mwa mwaka huohuo kamati teule chini ya Harrison Mwakyembe ilisoma bungeni ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, na tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu. Vikao hivyo vilionekana moja kwa moja katika televisheni.

Athari yake kwa mpigakura wa kawaida haikuwa ndogo. Maneno kama zabuni, mkataba na kamati teule yaliingia katika mazungumzo ya vibandani. Lakini ilikuwa elimu ya mambo makubwa ya Dodoma na Dar es Salaam. Mtu aliweza kueleza sakata la mitambo ya umeme tangu mwanzo hadi mwisho, na asijue ushuru wa tumbaku wa kata yake umejenga nini, kwa kuwa habari ya kwanza ilimfuata sebuleni na ya pili ilimtaka aifuate ofisini kwa Mkurugenzi. Mwaka 2010 Sitta hakurudi kwenye kiti cha Spika, na Januari 2016 televisheni ya taifa iliacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja kama ilivyokuwa imezoeleka.

Raia wapya wa Ulyankulu

Sehemu ya historia hii ambayo ni ya Kaliua peke yake, na ambayo haina mfano mwingi mahali pengine, ni ya Ulyankulu. Mauaji ya 1972 nchini Burundi yaliwafukuza maelfu ya watu, na serikali ya Tanzania iliwapa ardhi katika makazi matatu: Katumba na Mishamo katika eneo la Mpanda, na Ulyankulu huku Urambo. Walifyeka pori, wakalima chakula, kisha tumbaku. Makazi yaliongozwa na mkuu aliyewekwa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Watoto walizaliwa, wakasoma kwa Kiswahili, wakaoa, wakazaa. Tumbaku yao iliuzwa katika soko lilelile na kutozwa ushuru uleule. Hawakuwa na kura ya kumchagua Rais wala mbunge.

Hapa lile sharti la 1958 linageuzwa kichwa chini. Wakati ule hoja ilikuwa kwamba mtu anachangia lakini haelewi vya kutosha. Kwa Ulyankulu hakuna aliyeweza kudai kwamba watu hawaelewi. Walikuwa wameendesha uchumi wa eneo lao kwa zaidi ya kizazi kimoja. Walichokosa ni hadhi ya kisheria. Mchakato wa kuwapa uraia ulianza 2007, maombi ya watu takriban 162,000 yakakubaliwa kufikia 2010, lakini vyeti vikacheleweshwa kwa sababu mpango wa awali uliwataka wahame makazi na kutawanywa katika mikoa mingine. Kwa miaka kadhaa walikuwa raia kwenye majalada na wakimbizi barabarani. Serikali ilipokubali hatimaye kwamba wanaweza kubaki walipo, utoaji wa vyeti ulianza Oktoba 2014.

Mwaka uliofuata Daftari la Kudumu la Wapigakura liliboreshwa nchi nzima kwa mashine za kuchukua alama za vidole. Ulyankulu ikawa jimbo, tofauti na Kaliua, ingawa majimbo yote mawili yako chini ya halmashauri moja ya wilaya. Tarehe 25 Oktoba 2015 wengi wa raia hao walipiga kura ya kwanza maishani mwao, baadhi yao wakiwa wazee. Matokeo ya majirani hao wawili yalitofautiana. Ulyankulu ilimchagua John Kadutu wa CCM. Kaliua ilimchagua Magdalena Sakaya wa CUF, na hivyo kumwangusha Profesa Juma Kapuya, aliyekuwa mbunge wa Urambo Magharibi tangu 1995 na waziri katika wizara kadhaa. Si sahihi kuyaeleza matokeo hayo kwa ufahamu wa upande mmoja na ujinga wa upande wa pili, kama ilivyosemwa na mashabiki wa pande zote. Kwa raia wapya, kuichagua serikali iliyowapa cheti mwaka uliotangulia ilikuwa hesabu inayoeleweka. Kwa Kaliua, kumbadilisha mtu baada ya miaka ishirini kulikuwa mwendelezo wa ustadi uliofunzwa na jembe na nyumba. Mwaka 2020 jimbo hilo lilirudi CCM kwa Aloyce Kwezi.

Uamuzi wa kifedha uliogusa majimbo yote mawili kwa pamoja ulikuja katika bajeti ya 2017/2018. Serikali ilishusha ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3, na wa mazao ya chakula hadi asilimia 2, kwa nia ya kumpunguzia mkulima mzigo. Kwa halmashauri inayoishi kwa tumbaku, hiyo ilikuwa na maana ya kupoteza shilingi mbili katika kila tano za ushuru huo kwa mauzo yaleyale. Kama bei ya mkulima ilipanda kwa kiasi hichohicho, au kama nafuu iliishia kwa mnunuzi, ni jambo ambalo lingeweza kujibiwa kwa kulinganisha karatasi za mauzo za chama cha msingi na taarifa ya mapato ya halmashauri. Karatasi ya kwanza iko kwa mkulima. Ya pili, kwa sheria, hupaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, kilomita nyingi kutoka vijiji vingi vya Ulyankulu.